Shajara ya staki: karafuu na maji moto kwa karibu kabisa, vifaa vya kuokoteza

8 Juni

Naandika hapa kila hatua ya staki, yaani kushona picha nyingi kuwa moja iliyo kali pote, ikimalizika ili mwenye kutaka kujaribu asianze sifuri. Ninachotaka ni karafuu moja ijae kwenye picha, kuanzia kitufe cha juu mpaka mwisho wa kikonyo, pote pawe pakali, niweze kuprinti A3. Nikiliweza hilo naenda kwa maji moto, wale chungu wanaoshona majani kwenye mikarafuu na kumtia adabu mchumaji, kichwa cha chungu mmoja tu. Karafuu ameniletea ami kutoka Pemba, kiganja kimoja, msinifikirie magendo.

Kamera ni Canon 600D ya mtumba, sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ina upana wa 22.3 mm. Lenzi ni 50 mm ya zamani yenye ringi ya apacha (tundu la kupitishia mwanga, namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo), nimeigeuza mbele nyuma kwa ringi ya kugeuzia na kuongeza mrija mfupi, nikapata moja kwa moja (1:1), yaani kitu cha milimita 22 kinajaa upana mzima wa picha. Karafuu ni kama sentimita moja na nusu mpaka mbili kwaiyo hapo imekaa sawasawa.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato, picha moja tu, apacha nimeifunga mpaka f/22 mana kila mtu anajua ukifunga apacha eneo lenye fokasi linaongezeka. Linaongezeka kweli, lakini picha nzima ikatoka laini kama imepigwa kupitia chandarua. Ukiwa karibu hivi namba iliyoandikwa kwenye ringi siyo inayofanya kazi, kwa moja kwa moja zidisha mara mbili, f/22 inakuwa f/44, na mwanga ukipita kwenye tundu dogo namna hiyo unatawanyika. Hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokuokoa hapo. Ukirudi f/5.6 panakuwa pakali mpaka raha ila ni kipande cha kama 0.4 mm tu, na kichwa cha karafuu kutoka jino la mbele mpaka la nyuma, yale meno manne yanayokizunguka kitufe, ni milimita tano.

Ndo tunaingia kwenye staki: unapiga picha nyingi, kila moja fokasi imesogea kidogo kuliko iliyopita, afu programu inachukua sehemu kali ya kila picha na kuzishona pamoja. Hatua nimeweka 0.3 mm ili kila picha iingie kidogo ndani ya mwenzake, na unaanza kabla ya ncha ya mbele na kumaliza ukishapita ya nyuma, kwaiyo picha kama 20. Ringi ya fokasi ya lenzi ukishaigeuza haifanyi kitu cha maana, lazima usogeze kitu chenyewe au kamera. Hapo ndo hela zilipoanza kutoka.

21 Juni

Reli ya droo haifai. Nasema mapema ili usisome mpaka chini ndo ujue.

Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Reli ya droo ya kabati, kipande cha mbao juu yake, na nondo yenye nyuzi ya M6 ambayo kila raundi moja inasogea 1 mm. Mwisho wa nondo nikabandika sidii ya zamani niliyoigawa mistari 100, kwaiyo mstari mmoja ni 0.01 mm, na ukingoni mwa sidii mistari imepishana karibu milimita nne unaiona bila miwani. Kuondoa ule ulegevu wa nati nikafunga mpira wa tyubu unaovuta mbao upande mmoja muda wote, na nikawa nazungusha upande mmoja tu, sirudi nyuma. Sehemu hiyo ilifanya kazi vizuri, mwenye nondo aichukue.

Tatizo ni reli yenyewe. Gololi za droo zina nafasi, kwa nguo hujali, kwa karafuu kila ukisukuma mbao inainama nywele moja kushoto au kulia. Picha ya kwanza na ya mwisho karafuu imehama karibu robo ya picha. Programu inajaribu kuzipanga zilingane, inakata pembeni, na pale ambapo mbao iliinama badala ya kuhama tu inatoka michirizi. Nikatia grisi, nikaongeza reli ya pili sambamba, ikawa mbaya zaidi mana sasa zinabishana.

Dawa niliipata kwa muuza vyuma chakavu, mzoga wa maikroskopu ya skuli, hauna lenzi hata moja, kioo cha chini kimevunjika. Yule mzee akaniambia, "Mwanangu, hii haioni." Nikamwambia, "Mzee, sitaki ione, nataka ipande na kushuka tu." Akacheka, akaniachia kwa elfu 35. Meza yake inapanda na kushuka kwa kinobu kikubwa na kidogo, na hicho kidogo ndo mali.

Kupima kinobu kinasogeza kiasi gani ni rahisi na hakuna anaekwambia: laza rula kwa nyuzi 45 chini ya kamera, weka fokasi kwenye mstari wowote, zungusha raundi 10 kamili, angalia fokasi imehamia wapi. Yangu ilitoka mm 10 ikaenda 12.8, yaani 2.8 mm juu ya rula, kwa nyuzi 45 gawanya kwa 1.41 unapata 2 mm, kwaiyo kila raundi 0.2 mm. Kinobu kina mistari 100, mstari mmoja 0.002 mm. Kwa karafuu hatua ni raundi moja na nusu tu, ukifanya haraka unamaliza kabla chai haijapoa.

Mpangilio sasa ni wa kusimama, kamera imeangalia chini na haisogei, karafuu ndo inapanda. Naona hivi ni bora, kitu chepesi kisogee na kizito kitulie.

12 Julai

Hii ndo hatua iliyonitoa jasho kuliko zote.

Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, nipo juu, na sakafu za nyumba hizi zimelala juu ya boriti za mikoko. Taa ya LED ya meza, shata robo sekunde, picha 20. Ukiziangalia moja moja, nne kali, mbili zina ukungu, tatu kali, moja ina picha mbili mbili, hakuna mpangilio. Na picha moja mbovu kwenye staki inaacha mkanda wa ukungu katikati ya karafuu, hauzibiki kwa programu yoyote mana kile kipande hakipo kwenye picha nyengine.

Nilianza na kamera yenyewe. Kioo cha ndani kinapopanda kinapiga, kwaiyo nikahamia laivu vyuu, kuangalia kwenye skrini ya kamera, ambako kioo kishapanda tayari, nikaweka taima ya sekunde 10 nisiguse kitu. Ikapungua, haikuisha. Afu nikafanya kitu ambacho ningekifanya siku ya mwanzo, nikakuza laivu vyuu mara 10 kwenye jino moja la karafuu, nikakaa kimya kuangalia. Feni ikiwaka jino linatetemeka mfululizo. Vespa ikipita uchochoroni linaruka mara moja. Bi mkubwa akitwanga chini linakwenda na mapigo ya mchi, pu, pu, pu, unaweza kuhesabu. Nikatembea mwenyewe mpaka mlangoni na kurudi, karafuu ikatoka kabisa kwenye picha.

Nilikuwa naweka meza katikati ya chumba mana ndo kuna nafasi. Katikati ndo boriti zinapobonyea zaidi, ncha zake zimeingia ukutani hazisogei. Nimeisogeza meza mpaka miguu miwili imegusana na ukuta ambao boriti zinauingia, nusu ya tatizo ikaondoka bila shilingi.

Nusu ya pili: kipande kizito cha marumaru, mabaki ya jiko la jirani, kimekaa juu ya tyubu ya baiskeli iliyotiwa upepo nusu tu. Usijaze, ikiwa ngumu inapitisha kila kitu. Juu ya marumaru nimefunga kwa bolti mzoga wa maikroskopu na nguzo ya kamera, vyote viwili kwenye jiwe moja. Hili la mwisho ndo la muhimu kuliko tyubu. Kinachoharibu picha si kutikisika, ni kamera na karafuu kutikisika kila mmoja kivyake. Zamani kamera ilikuwa kwenye tripodi sakafuni na karafuu mezani, hapo ujue unapiga picha vitu viwili vinavyocheza ngoma mbili.

Nguzo katengeneza fundi seremala, nikamwambia nataka nene, akaniuliza naweka nini juu yake nikasema kamera, akaangalia ile kamera akaangalia ile mbao akanyamaza. Elfu 30 na kazi yake.

Jiwe juu ya tyubu ukiligusa linayumba taratibu sekunde kadhaa, kwaiyo zungusha kinobu, ondoa mkono, subiri ile taima. Uvivu wa kusubiri utakugharimu staki nzima.

2 Agosti

Mwanga. Nimeachana na LED nikachukua flashi ya mtumba, elfu 80, ndo kitu ghali kuliko vyote hapa na sijutii. Flashi ikiwekwa nguvu ndogo, 1/16 kushuka chini, inawaka kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu ya elfu kumi ya sekunde kwa nguvu za chini kabisa, kwaiyo mtetemo uliobaki hauonekani. Mtu akiniuliza aanze na nini kati ya jiwe na flashi ningemwambia flashi, afu jiwe.

Karafuu kavu ina mafuta na inang'aa vibaya. Flashi tupu inakupa vidoa vyeupe kila tuta la ngozi. Karatasi ya trasi ikasaidia kidogo. Kilichomaliza ni kikombe cheupe cha mtindi, nimekitoboa chini lenzi ipite, kinaifunika karafuu pande zote na flashi inapiga kutoka nje ya kikombe. Kikombe kiwe karibu na karafuu kadiri inavyowezekana, mwanga laini unatokana na ukubwa wake ukilinganisha na kitu, si unene wa plastiki.

Betri za flashi zikichoka baadhi ya picha zinatoka giza kuliko nyengine na staki inakuwa na mikanda. Betri za kuchaji zilizojaa, na usubiri taa ya flashi iwake kabla ya kila picha. Na betri ya kamera ijaze kabla hujaanza, ikiisha katikati ukafungua kifuniko umeshaisogeza kamera, rudi mwanzo. Umeme ulikatika katikati ya staki moja nami nikaendelea kupiga gizani kwa tochi ya simu, afadhali ya vitu vya betri.

Karafuu ya 1:1 sasa imekamilika. Vile vipetali vinne vilivyojikunja kuwa kitufe unaviona mshono wake, na meno manne yaliyokizunguka yana mikunjo ya kukauka.

30 Agosti

Lenzi ya maikroskopu mara 4, ile ya kawaida ya mikroskopu za skuli iliyoandikwa 4/0.10 na 160 pembeni. Hakikisha ni 160 (urefu wa mrija wa maikroskopu kwa mm), zile zilizoandikwa alama ya nane iliyolala (∞) zinahitaji lenzi nyengine nyuma yake. Elfu 55 mpaka mkononi, na adapta pamoja na mirija ya M42 elfu 40. Kutoka bega la lenzi mpaka kwenye sensa inatakiwa kama 150 mm, Canon yenyewe ina 44 mm ndani, kutoka mdomoni mpaka kwenye sensa, kwaiyo mirija ya kama sentimita 10 na nusu. Upana wa picha sasa ni 5.6 mm.

Picha za kwanza zilikuwa na weupe weupe, hakuna cheusi. Nikadhani lenzi mbovu, nikaisafisha, nikaituhumu unyevu. Kumbe ni mirija, ndani inang'aa, mwanga unagonga kuta na kurudi kwenye sensa. Fundi cherehani kanipa kipande cha mahameli nyeusi, mabaki ya buibui, nimekiviringisha ndani ya mirija. Cheusi kikawa cheusi palepale.

Kwa lenzi hii kipande chenye fokasi ni kama 0.055 mm. Hatua yangu ni 0.04, yaani mistari 20 ya kinobu. Hapa ule mzoga wa elfu 35 umejilipa, reli ya droo ingekuwa kichekesho.

Kitu cha kwanza nilichoweka ni karafuu niliyoikata kikonyo kwa wembe mpya, kukata kwa mlalo. Chini kidogo ya ngozi kumejipanga vishimo vya mviringo vimezunguka pande zote, hivyo ndo vifuko vya mafuta, na baadhi bado mafuta yamo yanang'aa rangi ya kahawia ya chai. Wembe ukiwa butu unavikandamiza vyote huoni kitu. Miaka yote nazitia kwenye pilau sikujua zimebeba hivyo.

27 Septemba

Kompyuta. Laptop yangu ina ramu 4 GB na hapo ndo pagumu. Picha moja ya 600D ni megapikseli 18, ukiigeuza TIFF ya biti 16 inakuwa karibu 108 MB, staki ya picha 80 ni zaidi ya 8 GB. Iliganda, ikazima.

Njia mbili zimefanya kazi. Ya kwanza ni kutumia JPEG tu kwa staki ndefu, ukiwa na flashi na rangi umeshaziweka sawa tangu kwenye kamera tofauti huioni kwenye printi ya A3. Ya pili ni kugawa mafungu: picha 10 zinatoa moja, picha 10 zinazofuata, ambazo tatu za mwanzo ni zilezile za mwisho za fungu lililopita, zinatoa moja, na kuendelea, mwisho unastaki hayo matokeo. Hii ina faida nyengine nitaisema kwenye maji moto.

Programu ya bure ninayotumia ni vifaa vya Hugin, amri mbili tu:

align_image_stack -m -a pic_ *.jpg
enfuse --exposure-weight=0 --saturation-weight=0 --contrast-weight=1 --hard-mask -o karafuu.tif pic_*.tif

Usisahau hard-mask, bila hiyo inachanganya kali na ukungu na unapata wastani wa vyote viwili. Nilijaribu pia Zerene Stacker, inakupa siku 30 bure. Ina njia mbili, PMax na DMap. PMax ni hodari kwa nywele na vitu vinavyopishana ila inaongeza chenga na rangi inakuwa ngumu kidogo, DMap inaacha rangi ilivyo lakini kwenye kingo inaweka ukungu wa duara. Kwa karafuu DMap, kwa mdudu PMax.

Kingine, vumbi kwenye sensa. Kwenye picha ya kawaida ni kidoa kimoja husumbuki nacho. Kwenye staki programu inasogeza kila picha kidogo ili zilingane, kwaiyo kidoa kile kile kinakuwa mstari wa vidoa umepangana kama chungu wenyewe. Pulizia sensa kabla ya kila staki kwa kile kipira cha hewa, si kwa mdomo, mate yataingia.

18 Oktoba

Maji moto. Nimeokota waliokufa, simshauri mtu kwenda kuchukua wazima kwenye kiota kwa ajili ya picha, mwenye kuwajua anaelewa.

Staki ya kwanza ilikuwa ya mdudu aliyekufa siku ileile. Kila kitu kilikuwa sawa, jiwe, flashi, hatua 0.04, picha kama 75. Matokeo: kichwa kizuri, kipapasio kimoja kina vivuli vitatu. Nikarudi kwenye mtetemo, nikarudi kwenye kinobu, hakuna. Mwisho nikafungua picha ya kwanza na ya mwisho nikazibadilisha haraka haraka kwenye skrini, kipapasio kinashuka. Mdudu mbichi anaendelea kukauka, viungo vinalegea na kujikunja polepole, na staki yenye kusubiri taima inachukua muda wa kutosha kumhamisha. Mwache akauke kabisa kwanza, wiki moja kwenye boksi lenye zile pakti za silika. Hilo boksi ndo nahifadhia na lenzi, kwa unyevu wetu kuvu haichelewi kwenye vioo.

Usafi ni jambo jengine. Kwa macho mdudu safi, kwa mara 4 amebeba vumbi la dunia nzima. Brashi laini ya rangi na spiriti ya hospitali, mara mbili tatu, afu akauke tena. Nimembandika kwa tone la gundi kwenye kichwa cha pini, gundi iwe kidogo sana, ikipanda kwenye taya inang'aa na kazi imekwisha.

Nywele ndo mtihani. Pale nywele ya mbele inapopita juu ya jicho lililo nyuma, programu inavutana yenyewe, inakupa nywele yenye mpaka wa ukungu pande mbili. Hapa yale mafungu yanasaidia: fungu la nywele tu peke yake, fungu la macho peke yake, afu unachora kwa mkono kipi kikae juu. Kazi ya kuumiza shingo lakini ndo tofauti ya picha ya kuonyesha na ya kufuta. Jicho limetoka vijicho vyake vyote vimepangana, na taya lina meno madogo ukingoni mpaka ncha, ukiliona unaelewa kwanini wachumaji wanashuka mkarafuu mbio.

15 Novemba

Vuli imeanza, unyevu juu, nasimamisha kazi ya lenzi mara 4 kwa muda.

Gharama yote mbali na kamera na lenzi ya 50 mm nilizokuwa nazo: ringi ya kugeuzia elfu 15, reli ya droo na nondo elfu 18 ambazo zimekwenda na maji, mzoga wa maikroskopu 35, seremala 30, flashi 80, lenzi mara 4 ni 55, mirija na adapta 40, spiriti na gundi na pini na vikorokoro elfu 9. Jumla 282,000. Marumaru, tyubu, mahameli na kikombe cha mtindi bure. Anaeanza leo akiruka reli ya droo anatoka na 264,000, na akibaki kwenye karafuu tu bila mdudu haihitaji lenzi ya mara 4 wala mirija ile, ni 169,000.

A3 imeprintiwa. Upana wa pikseli 5184 ukishakatwa na programu pembeni unabaki kama 4,900, kwa A3 ni karibu nukta 300 kwa inchi, inatosha hata ukisogeza pua. Ami kaichukua ya karafuu kaenda nayo Pemba. Ya maji moto kasema hataki kuiona ndani kwake.

Kinachofuata ni mota ya hatua kwenye kinobu, hatua 200 kwa raundi, ili nisiguse jiwe kabisa. Kuifunga moja kwa moja sitaki, itatetemesha, nafikiria mkanda wa mpira katikati. Nikishaona kama mkanda hautelezi nitaandika.